Kaa la Moto kwa Jirani: Komponenti Mpya ya Wiki Inavyouliza Msimbo wa Zamani

Wakubwa zangu, shikamooni. Wenzangu wa rika langu na vijana, hamjambo.

Nilipokuwa naingia, kijana mmoja pale mlangoni aliniuliza leo nitaongea nini. Nikamwambia msimbo wa zamani. Akacheka. "Huo si wa kufuta tu, mzee?" Hilo "kufuta tu" nimelisikia tangu nianze kazi hii, na wiki kubwa, yaani tovuti ambayo watumiaji wake wenyewe wanaandika na kuhariri kurasa, iliyofuta msimbo wake wa zamani mara moja ikabaki salama bado sijaiona. Haufutiki kwa sababu ndio ulioshika kurasa zenyewe. Nani anabomoa ghala wakati mahindi yamo ndani na watu wanapanga foleni kuchota?

Kwa hiyo leo tushughulike na jambo moja. Umeandika komponenti mpya, yaani kipande cha programu chenye kazi yake maalumu, imepangwa vizuri, ina majaribio yake, unajivunia. Inafika mahali inahitaji kusoma ukurasa. Anayejua kusoma ukurasa kwenye programu hiyo ni msimbo wa zamani peke yake. Utaingia kwake kwa mlango gani?

Mfano wangu ni XWiki. Ni programu huria ya wiki iliyoandikwa kwa Java, kwa leseni huria ya LGPL, mradi ulioanzishwa na Ludovic Dubost huko Ufaransa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Naichagua kwa kuwa nimelala nayo na kuamka nayo miaka kadhaa. Pia nawapenda watengenezaji wake kwa jambo moja: hawana unafiki. Moduli yenye msimbo wa zamani wameipa jina oldcore, kiini cha kale, limebandikwa mlangoni kila mtu alisome. Ukikuta jina la klasi, yaani fungu la msimbo, linaanza na com.xpn.xwiki, umeingia nyumba ya zamani. Likianza na org.xwiki, uko nyumba mpya.

Nyumba ya zamani ina wenyeji wachache wenye miili mikubwa. Kuna klasi iitwayo XWiki na nyingine XWikiDocument, kila moja ni maelfu ya mistari. Halafu kuna XWikiContext, na huyu ndiye tutakayemzungumzia zaidi. Ni mfuko. Ndani yake mna mtumiaji aliyeingia, wiki anayoitazama, ukurasa alioufungua, ombi lililotoka kwenye kivinjari, jibu linaloandaliwa, lugha, na vikorokoro vingine. Karibu kila methodi ya zamani, yaani kila kitendo unachoweza kuiagiza klasi, inaudai mfuko huo. Unataka ukurasa? getDocument, kisha rejea ya ukurasa, kisha mfuko. Unataka kuhifadhi? saveDocument, na mfuko. Ni kama ile ofisi ambayo kila dirisha unalofika unaulizwa nakala ya kitambulisho, hata kama dirisha la nyuma yako wameshaiona.

Vijana huwa wanawacheka walioandika vile. Mimi siwacheki. Kupitisha mfuko mkono kwa mkono ilikuwa njia iliyoeleweka, na kurasa zilizohifadhiwa kwa njia hiyo bado zinafunguka. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Nyumba mpya inajengwa kwa komponenti. Unaandika kiolesura, yaani orodha ya maswali yanayoweza kuulizwa, unakipa alama ya @Role. Unaandika klasi inayokitimiza, unaipa @Component na @Singleton. Ukihitaji komponenti nyingine hutafuti mwenyewe, unaandika @Inject juu ya jina lake na meneja wa komponenti anakuletea. Halafu unaorodhesha klasi yako kwenye faili dogo, components.txt, ndani ya META-INF. Faili hilo, jamani! Mara ngapi nimekaa saa mbili nzima nikitafuta kwa nini komponenti "haipo", kumbe nimesahau mstari mmoja mle. Mkiondoka hapa na hilo tu, nauli yenu imerudi.

Sasa turudi kwenye mlango. Mawazo ya haraka ni haya: moduli yangu mpya nitaitegemeza oldcore, basi, nitawaita moja kwa moja. Tatizo ni kwamba oldcore yenyewe imekwisha kutegemea moduli mpya nyingi. Inatumia za rejea za kurasa, za matukio, za kugeuza maandishi ya wiki kuwa ukurasa unaosomeka. Kama yako ni mojawapo ya hizo, nayo ukaitegemeza oldcore, Maven, programu inayojenga na kuunganisha moduli, inagoma papo hapo kwa kuwa umefunga mzunguko. Mtoto anamsubiri baba amfungulie mlango, na baba yuko nje anamsubiri mtoto ampe ufunguo.

Walilitatua kwa daraja, na namna walivyolijenga inafaa kutazamwa kwa utulivu. Kuna moduli ndogo iitwayo xwiki-platform-bridge. Ndani yake mna kiolesura DocumentAccessBridge chenye maswali ya kawaida: ukurasa huu upo? Maandishi yake ni yapi? Kitu fulani ndani yake kina thamani gani? Mtumiaji wa sasa ni nani? Kiolesura hicho hakiijui oldcore hata kwa jina. Anayekitimiza ni DefaultDocumentAccessBridge, naye anaishi ndani ya oldcore kwenyewe, pamoja na mifuko na methodi ndefu. Moduli yako mpya inategemea daraja. Oldcore nayo inategemea daraja. Wakati wa kujenga hakuna anayemtegemea mwenzake, na seva inapowaka, meneja wa komponenti anawakutanisha.

Watu wengi huona ujanja wa Maven pale, wakaishia hapo. Mimi naona kitu kingine: lugha ya swali inatoka kwa anayeuliza. Komponenti mpya inauliza kwa maneno yake, kwa DocumentReference, yaani rejea ya ukurasa, bila kusikia habari za mfuko. Kazi ya kutafsiri swali hilo kwenda lugha ya kizee inabaki kwa mzee mwenyewe, anayejua mahali vitu vyake vilipo. Siku mtakapobadilisha namna kurasa zinavyohifadhiwa, kazi iko kwenye klasi ile moja, na moduli zilizouliza kupitia darajani hazihitaji kuguswa.

Nisiwapake mafuta lakini. Daraja lile limekua kupita kiasi. Kila mtu aliyekosa alichohitaji aliongeza methodi yake, mpaka daraja la kuvukia watu wawili wenye baiskeli likaanza kupitisha mabasi. Na bado halitoshi, hivyo utakuta mtu amepewa kitu kwa jina la DocumentModelBridge, anakigeuza kwa nguvu kuwa XWikiDocument ndani ya msimbo wake, kisha anaendelea kama hakuna kilichotokea. Kwenye matukio ndivyo inavyokwenda: msikilizaji wa matukio anapokea chanzo kama Object tupu, na kila mmoja wetu anajua kwamba ndani yake mna XWikiDocument. Siri ya wazi. Nami nimefanya hivyo, na nitafanya tena juma lijalo.

Kuna njia ya pili, na kama moduli yako iko juu kabisa, pasipo na kitu ndani ya oldcore kinachoitegemea, hiyo ni halali. Unaitegemeza oldcore waziwazi na unaomba muktadha wenyewe, yaani ule mfuko XWikiContext. Hapo ndipo pana mtego uliowahi kuninasa.

Nilikuwa nahudumia wiki ya taasisi moja, jina lake liacheni. Walitaka ratiba ya magari: mtu anajaza fomu fupi, gari gani, anakwenda wapi, atarudi lini, na mstari unaongezeka kwenye ukurasa. Nikaandika komponenti. Mara ya kwanza inapoitwa inachukua XWikiContext na kuiweka kwenye sehemu yake ya ndani, ili isihangaike kuiomba kila mara. Niliona ni akili. Nikajaribu nikiwa peke yangu kwenye mashine yangu, kila kitu sawa. Jumapili usiku tukawasha seva upya na moduli mpya ndani.

Jumatatu mama wa masijala aliwahi kama kawaida yake, saa moja kasorobo, akajaza safari ya kwanza. Hadi saa sita mchana historia ya ule ukurasa ilionyesha kwamba ameandika safari za idara zote. Gari la wahandisi, yeye. Gari la mkurugenzi, yeye. Mara mojamoja watu wawili wakijaza kwa pamoja, mmoja alirushiwa hitilafu ya hifadhidata akaachwa ameduwaa. Mchana mama akapanda ngazi hadi chumba chetu, ameshika miwani mkononi. "Mwanangu, mkurugenzi ananiuliza kwa nini nimempangia gari. Mimi gari la mkurugenzi nalijulia wapi?"

Nikamwomba radhi, nikamwambia nipe nusu saa. Ilinichukua zaidi.

Kilichotokea ni hiki. Komponenti yenye @Singleton ni moja tu kwa maisha yote ya seva, na wote wanaitumia hiyohiyo. Muktadha unaishi kwa ombi moja, mtu anabofya, ukurasa unajibu, umekwisha. Mimi nilikichukua cha kufa baada ya sekunde mbili nikakiweka kwenye kitu cha kukaa miezi. Mtu wa kwanza kuigusa baada ya seva kuwaka ndiye aliyebaki mfukoni, na wakati wa kuhifadhi, msimbo unauliza mfuko nani mwandishi, mfuko unajibu: mama wa masijala.

Zamani kijijini moto ukizimika jikoni, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae aombe kaa la moto. Alilichukua akarudi mbio, likawasha moto wa siku ile. Hakuna aliyeliweka kaa kabatini ili kesho asisumbue watu. Kesho ni majivu. Muktadha wa ombi ni kaa hilo.

Ndiyo maana XWiki inakutaka uombe Provider ya XWikiContext badala ya XWikiContext yenyewe. Provider ni njia ya kwenda kwa jirani, nayo unaweza kuihifadhi milele. Ndani ya methodi, pale pale unapohitaji, unaita get(), unapewa kaa la ombi lililopo mkononi, unatumia, unaliacha. Marekebisho yangu yalikuwa mistari miwili. Mistari miwili, na mama wa watu ameitwa ofisini kwa mkurugenzi.

Chini yake kinachofanya kazi ni ExecutionContext, inayofungwa kwenye thredi, yaani uzi wa kazi ndani ya seva, inayohudumia ombi. Hapo ndipo penye mtego wa pili, huu nitaupitia haraka. Kazi za usiku, zile za kutuma muhtasari au kusafisha viambatisho, zinaendeshwa na thredi ambayo haikuanzia kwa mtu yeyote kwenye kivinjari. Hamna aliyeingia, hamna ukurasa uliofunguliwa. Lazima uitayarishie ExecutionContext kwa ExecutionContextManager, uiondoe ukimaliza, na uamue waziwazi kazi hii inafanyika kwa jina la nani na kwenye wiki ipi. Usipoamua, msimbo wa zamani utajichagulia, na chaguo lake hutalipenda.

Mtego wa tatu unanitisha kuliko hiyo miwili, kwa sababu haupigi kelele. Mtu anayeandika skripti ya Velocity, lugha ndogo ya maagizo ndani ya ukurasa, na kuita $xwiki.getDocument anapita kwenye safu ya API, yaani mlango rasmi wa programu, inayouliza kwanza: huyu ana haki ya kuona ukurasa huu? Methodi ya ndani ya klasi kubwa, yenye jina hilohilo getDocument, haiulizi. Inachukulia kwamba aliyeiita ameshakagua. Sasa wewe na komponenti yako mko ndani. Mnaita ya ndani, mnapata ukurasa, mnautoa nje kwa ScriptService, yaani dirisha la kuhudumia skripti, ili skripti zitumie $services na jina lenu. Mmeshatoboa ukuta. Mfanyakazi wa muda anasoma kumbukumbu za mishahara na logi haina hata alama ya onyo. Dawa iko kwenye moduli ya usalama, ContextualAuthorizationManager, mstari mmoja kabla ya kutoa chochote. Mimi nikikagua msimbo wa mwenzangu, mstari huo ndio wa kwanza kuutafuta. Nisipouona, sisomi zaidi, namrudishia.

Jingine ni majina. Msimbo wa zamani ulizoea kuuita ukurasa kwa maandishi: nafasi (kundi la kurasa), nukta, ukurasa, mfano Main.WebHome. Wengi wetu tuliandika msimbo wa kukata maandishi hayo kwenye nukta, tukapata vipande viwili, tukafurahi. Mwaka 2015 toleo la 7.2 likaleta nafasi ndani ya nafasi. Nukta zikawa tatu, nne, tano. Kila msimbo uliokuwa ukikata kwa kisu chake ukaanza kutafuta kurasa ambazo hazipo. Waliokuwa wakipitisha DocumentReference tangu mwanzo, na kuwaachia watafsiri wa rejea kazi ya kusoma maandishi, wengi wao walisoma habari za toleo jipya wakiwa na kikombe cha chai mkononi. Kwa hiyo unapofika mpakani, maandishi yageuze kuwa rejea palepale mlangoni, na ndani ya nyumba mpya yasionekane tena.

Kuna atakayesema hayo ni ya XWiki na Java yake. Tazameni basi MediaWiki, inayoendesha Wikipedia, pamoja na Wikipedia ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2003. Kule mfuko uliitwa kwa majina yanayoonekana popote ndani ya programu (global), $wgUser, $wgRequest na ndugu zake, unayachota popote ulipo. Toleo la 1.27 la mwaka 2016 likaingiza MediaWikiServices, ambako huduma zinaunganishwa kwenye faili moja, ServiceWiring.php, na kila klasi inapewa inachohitaji inapoundwa.

Kisa cha kule ninachokipenda ni cha Parsoid. Hii ni programu inayogeuza maandishi ya wiki kuwa HTML na kuyarudisha yalivyokuwa, ili mtu ahariri kwa VisualEditor bila kuona mabano. Waliiandika kwanza kwa JavaScript, ikaendeshwa na Node.js kama huduma ya pembeni. Ilipokutana na kigezo, yaani kipande kinachotumika tena kwenye kurasa nyingi, ndani ya ukurasa ilituma ombi kwa MediaWiki kupitia API, kana kwamba ni mgeni kutoka mji mwingine, wakati wote wawili walikuwa wakihudumia ukurasa uleule. Baadaye wakaihamishia PHP, na mwezi Desemba 2019 toleo la PHP likaanza kubeba kazi. Ikarudi nyumbani.

Mngetarajia kwamba baada ya kuingia chumba kimoja wangeanza kuita klasi za zamani wapendavyo. Hawakufanya hivyo. Parsoid ina violesura vyake vya kuuliza: SiteConfig kwa habari za tovuti, PageConfig kwa habari za ukurasa, DataAccess kwa kuleta data kama vigezo na picha. Ndani ya MediaWiki kuna klasi zinazovitimiza kwa kutumia msimbo wa siku zote. Kuna nyingine zinazotimiza maswali yaleyale kwa kupiga API ya mbali, na nyingine za bandia kwa ajili ya majaribio tu. Muulizaji hajui nani anamjibu. Watu tofauti, lugha tofauti ya programu, na wamefika kwenye daraja lilelile la akina XWiki.

Hizo za bandia zisipite hivihivi. Siku hizi nikitaka kujua kama daraja langu ni zuri, najaribu kuandika jibu la bandia kwa ajili ya jaribio. Likinichukua mistari kumi, daraja ni jembamba, liko sawa. Nikijikuta natengeneza mtumiaji wa uongo, ombi la uongo, hifadhidata ya uongo na kivinjari cha uongo ili tu niulize ukurasa una kichwa gani, basi mfuko wa zamani umepenya kwenye nyumba mpya na mimi ndiye niliyeufungulia.

Kuhusu upande wa pili, wa zamani kumwita mpya, sina mengi. Zipo njia, kama Utils.getComponent, na zimejaa kwenye oldcore. Njia nzuri zaidi kwangu ni matukio: msimbo wa zamani unatangaza kwamba ukurasa umebadilika, na anayehusika anasikia. Msimbo huo haujui nani kasikia. Na methodi za zamani ambazo hakuna atakaye tena, XWiki inazihamishia kwenye moduli za legacy (za urithi) na kuzirudisha kwa AspectJ, kifaa cha kupachika msimbo, wakati wa kujenga, ili viongezi vya watu vya miaka iliyopita visife ghafla. Nani amewahi kumpigia mteja simu kumweleza kwa nini kiongezi alicholipia kimekufa baada ya kusasisha? Naona mikono. Basi mnajua kwa nini wanahangaika hivyo.

Dakika zangu zimekwisha, mwenyekiti ananitazama. Mmoja wenu aliniandikia kikaratasi akiuliza zile safari za Jumatatu tulizirekebishaje. Mkurugenzi alitaka tuingie kwenye hifadhidata tubadilishe majina ya waandishi mmoja mmoja. Tukakataa, kwa sababu historia ya wiki ukishaanza kuichokonoa kwa mkono, kesho hakuna atakayeiamini. Tuliongeza maelezo juu ya ukurasa tukaiacha kama ilivyo. Mama amestaafu sasa. Siku nilipomfuata kumuaga, alinionyesha kwenye skrini orodha ya marekebisho ya siku ile, jina lake limepangana kutoka juu hadi chini, akaniambia, "Hii iache, mwanangu. Wajukuu wataona bibi yao alivyokuwa mchapakazi."

Ahsanteni. Nani ana swali?